Gereji Isiyo na Mwenye Gari

Katika milima ya Gusii, ambako barabara ni nadra kunyooka, bali hupanda na kushuka na kuvizunguka vilima, tangu Suneka hadi mjini Kisii, na tangu Kisii hadi Keroka, na tangu Nyamira kwa njia ya Kebirigo hadi Ikonge, gari lililoharibika si taabu ya mwenye gari peke yake. Ni majani chai yaliyochumwa asubuhi yakanyauka kabla ya kufika kiwandani, ni mama mja mzito aliyekwama njiani, ni ndizi za mchuuzi zilizofika sokoni Daraja Mbili baada ya wanunuzi kutawanyika. Kwa sababu hiyo fundi wa magari amekuwa mtu wa lazima katika kila senta ya kaunti za Kisii na Nyamira, na gereji yake, ambayo aghalabu ni kiwanja cha udongo uliolowa oili na mabati machache ya kukinga mvua ya alasiri, ni chuo ambamo vijana wengi wamepata elimu yao bila ya daftari wala kengele.

Sasa imezuka gereji ya pili, isiyo na udongo wala mvua, inayokaa ndani ya kioo cha simu au cha kompyuta. Humo kijana hupokea gari bovu, huliinua, huifungua injini kipande kwa kipande, hubadilisha kilichochakaa, huifunga tena, hupata malipo yake ya kidhahania, kisha hupokea jingine; na yote hayo huyatenda akiwa ameketi kitandani kwake, mikono mikavu, nguo safi. Wapo wazazi wauonao mchezo huu kuwa upotevu mtupu wa wakati, na wapo vijana wauonao kuwa chuo kamili, nami naona kwamba kila upande umeshika sehemu ya kweli na kuiacha iliyobaki. Nataka kuupima kwa insafu, nikizitaja faida zake bila ya choyo na hasara zake bila ya chuki, maana jambo lenyewe, ingawa laitwa mchezo, lagusa riziki ya watu.

Lagusa riziki kwa sababu ya ardhi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, na katika Kisii wakazi wamezidi 900 kwa kila kilomita ya mraba, hesabu ambayo mahali pengi pa Kenya ni ya miji, si ya mashamba. Babu aliyekuwa na shamba la kutosha alilikata kwa wanawe, na wanawe wakalikata kwa wana wao, hata mjukuu wa leo akajikuta na ukanda wa udongo mwekundu wenye rutuba tele ambao, hata ukipandwa chai mpaka kwenye kizingiti cha mlango, hauwezi kulisha nyumba. Urithi ambao mzazi wa Gusii anaweza kumwachia mwanawe bila ya kuukata vipande ni maarifa: ya kitabuni au ya mkononi. Kwa hiyo kila kitu kinachodai kufundisha ufundi, japo kwa mzaha, chastahili kuulizwa kwa dhati: kinafundisha nini, na kinaacha nini?

Mashuhuri zaidi katika michezo hii ni Car Mechanic Simulator, uliobuniwa na kampuni ya Red Dot Games ya Poland, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2014. Toleo la mwaka 2021, kwa matangazo ya wenyewe, lina magari zaidi ya 70 na vipuri zaidi ya 4,000, navyo vimechorwa kwa uangalifu mkubwa, hata ukiifungua injini utaikuta pistoni ndani ya silinda yake, na ringi juu ya pistoni, na beringi juu ya mtaimbo wake. Upo na mwingine wa tabia tofauti kabisa, My Summer Car, kazi ya Mfini Johannes Rojola, ulioanza kuuzwa mwaka 2016 kabla ya kukamilika, na kukamilishwa mwaka 2025. Huu humweka mchezaji katika kijiji cha Ufini, majira ya joto ya mwaka 1995, mbele ya gari dogo lililofumuliwa vipande vipande, lenye sura ya Datsun ya zamani, na kumwachia alijenge mwenyewe bila ya mwongozo. Kila bolti yataka spana ya namba yake, na iliyoachwa ikilegea humwangusha mtu barabarani. Wa kwanza ni mwalimu mpole aoneshaye kila kitu; wa pili ni mwalimu mkali asiyesema neno.

Nianze na faida, na ya kwanza ni ujuzi wa mpangilio. Gari ni vitu vingi sana vilivyofichwa mahali padogo, na mwanagenzi wa gereji za kawaida, ambaye miezi yake ya mwanzo hupita katika kuosha vipuri kwa petroli, kuleta spana aliyotumwa na kushikilia taa fundi anapolala chini ya gari, huona kila siku kipande cha kazi asichojua kimetoka wapi wala kinarudi wapi. Leo anashika pampu ya maji, kesho anapokezwa klachi, na baina ya hivyo viwili hapana mtu aliyemweleza jinsi nguvu inavyozaliwa kwa mlipuko ndani ya silinda, ikaisukuma pistoni, ikauzungusha mtaimbo, ikapita katika klachi na giaboksi hata kufika magurudumuni. Mchezo humwonesha safari hiyo nzima. Humfundisha kwamba huwezi kuitoa giaboksi kabla ya kuondoa kilichoishikilia, na kwamba kila kufungua kuna kanuni yake na kufunga ni kanuni ile ile iliyogeuzwa. Kijana aliyekwisha kuifumua injini ya michoro mara nyingi ataingia gerejini akiwa na ramani kichwani, na maneno ya fundi, yaliyomwangukia mwenzake kama mvua juu ya mwamba, yeye yatamwingia.

Faida ya pili ni kwamba kosa halina gharama, na hili si jambo dogo katika historia ya kujifunza. Mwaka 1929 huko Binghamton, katika jimbo la New York, kijana mmoja jina lake Edwin Link, aliyekulia katika kiwanda cha baba yake cha kuunda vinanda, aliichukua mifuko ya upepo itumikayo katika vinanda hivyo akaiunganisha na kijisanduku chenye usukani wa ndege, kikawa kinainama na kupinda kana kwamba kiko hewani. Watu wengi walikiona kuwa kitu cha kuchezea katika viwanja vya tamasha. Lakini mwaka 1934, jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege na marubani wake wakafa mmoja baada ya mwingine katika mawingu na theluji kwa kutokujua kurusha kwa kutazama vipimo peke yake, liliagiza masanduku sita ya Link. Na tangu hapo haikuwa aibu tena rubani kujifunza angali ardhini. Asili ya elimu hiyo ni rehema: kwamba pawepo mahali ambapo mtu aweza kukosea bila ya kufa wala kuua. Ikiwa rubani amepewa rehema hiyo, kwa nini mwanagenzi wa Nyansiongo anyimwe?

Faida ya tatu ni ya mlango. Gereji zetu zina ukarimu wao, lakini pia zina bawabu asiyeonekana. Kijana mwenye mjomba fundi huingia bila ya hodi. Asiye na mjomba huambiwa alete ada, au huambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo haiishi. Msichana hutazamwa kana kwamba amepotea njia, na mwenye ulemavu wa miguu hahesabiwi kabisa. Mchezo haumuulizi mtu ukoo wake wala jinsia yake. Msichana wa Nyamira anayemaliza kupika akaketi pembeni na kuifungua injini ya simuni atagundua, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba akili yake hupenda mambo haya. Na mtu akishajua anachokipenda, ni vigumu zaidi kumfukuza langoni.

Ya nne, ambayo mimi naithamini kuliko zile tatu, ni heshima. Abagusii ni watu waliopenda shule mapema na kwa nguvu, wakauza ng'ombe na hata ardhi ili mwana asome, na sifa hiyo ni yao kwa haki. Lakini kila sifa ina kivuli chake, na kivuli cha hii ni kule kuihesabu gereji kuwa makimbilio ya aliyeshindwa mtihani. Mzazi husema kwa sauti ya chini kwamba kijana "ameenda kwa makanika", kana kwamba anatoa habari ya msiba. Haya basi, na tutazame: watu wa Ulaya na Marekani, wenye kazi za ofisini na mishahara mizuri, hutoa fedha zao ili, baada ya kutwa nzima ya kazi, wapumzishe nafsi zao kwa kuiga kazi ya yule kijana wa Keroka mwenye ovaroli nyeusi kwa oili. Wameona katika kazi hiyo raha ambayo sisi tulioizoea hatuioni: raha ya kukikuta kitu kimevurugika na kukiacha kimetulia, ya sababu inayoonekana na matokeo yanayosikika. Kama mchezo hautamfundisha mzazi jambo lolote ila hilo, utakuwa umelipa.

Sasa hasara. Ya kwanza yajulikana na kila aliyewahi kushika spana: mkono haufundishwi kwa macho. Katika mchezo wa Wapoland bolti hulegea kwa kubonyeza kitufe na kungoja kiduara kijae, na haikatai kamwe. Bolti ya gari lililoishi miaka mingi katika matope ya Borabu hukataa. Imeliwa na kutu, kichwa chake kimelika, na fundi lazima aibembeleze kwa oili na moto na nyundo ndogo, akiihisi katika kiwiko chake ile nukta ambayo chuma kinaanza kutii, na ile nyingine, iliyo jirani yake sana, ambayo chuma kinaanza kukatika. Baina ya nukta hizo mbili kuna ufundi wote, na hapana kioo kinachoweza kuipitisha habari yake. Ndivyo pia harufu ya klachi iliyoungua, na mlio wa beringi inayolia polepole ikikaribia kufa, na joto la ngoma ya breki linaloupasha mkono habari kwamba kitu kimebana ndani.

Ya pili ni kwamba mgonjwa wa mchezo hujieleza mwenyewe. Kila kipuri kina asilimia yake ya uzima, na mchezaji akikichunguza huambiwa kimebakiwa na kiasi gani. Gari la hapa kwetu halisemi. Asemaye ni dereva, na husema kwa lugha yake: kwamba asubuhi linakataa kuwaka, kwamba nikikanyaga breki linavuta kushoto, kwamba linakunywa maji na sioni yanakokwenda. Fundi husikiliza, akauliza, akaunda dhana, akaijaribu. Moshi wa buluu humwambia oili inaungua, naye hufikiri ringi au mihuri ya valvu. Mvuke mweupe usiokoma humpeleka kwenye gasketi ya kichwa cha injini. Moshi mweusi humwambia mafuta yamezidi hewa. Utabibu huu wa kuuliza na kudhani na kuthibitisha ndio nusu ya kazi, na mchezo umeuruka ukatoa jibu kabla ya swali.

Ya tatu ni kwamba gari la mchezo si gari la Gusii. Magari yake mengi ni ya fahari, na duka lake la vipuri halifungwi wala haliishiwi: kilichochakaa hutupwa, kipya huagizwa, na kazi kwa sehemu kubwa ni kubadilisha. Ama sisi gari letu ni Probox, ambalo Toyota ililitoa mwaka 2002 liwe gari la mizigo midogo la wafanyabiashara wa Japani, na ambalo huletwa Kenya likiwa limetumika, likapewa katika barabara zetu umri wa pili na kazi ambayo waliolisanifu hawakuifikiria: abiria kupita idadi ya sheria, magunia juu, matope chini, mlima mbele. Kulitengeneza gari kama hilo si kubadilisha tu. Ni kuchomelea, kuchonga, kupeleka kichwa cha injini kwa mtu wa mashine akakinyoosha, kutafuta spea ya mtumba na kujua kwa kuitazama kama ina maisha. Kijana aliyelelewa na mchezo aweza kuingia gerejini akiwa na dharau kwa hekima hii, akidhani kwamba fundi asiyebadilisha kila kitu ni fundi mbovu. Na dharau ya mwanafunzi ni pazia baina yake na mwalimu.

Lakini hizi zote ni hasara za upungufu, na upungufu waweza kujazwa. Iliyo kubwa ni nyingine. Ili kuieleza nataka nimkumbuke fundi wa zamani wa Abagusii, ambaye ujuzi wake uliwastaajabisha madaktari wa hospitali walioandika habari zake katika karne ya 20: omobari, mpasuaji wa vichwa. Mtu aliyeumia fuvu akabakiwa na maumivu yasiyokoma alipelekwa kwake, naye aliipasua ngozi, akaukwangua mfupa kwa vyombo vya chuma, akaiondoa sehemu iliyoharibika, akalifunga jeraha. Na wengi waliopasuliwa waliishi. Elimu hiyo haikukaa vitabuni. Ilipokewa kwa kukaa kando ya mjuzi, kumtazama na kumsaidia. Nikitafakari ni kitu gani kilichoushika mkono wa mwanafunzi usiende mbio, naona haikuwa ugumu wa kazi peke yake, maana kazi ngumu ziko nyingi zinazofanywa kwa uzembe. Ilikuwa kwamba kile kichwa kilikuwa na mwenyewe. Alikuwa hapo, anapumua, ana jina na ndugu, na amejitoa mikononi mwa mtu mwingine kwa kuwa hana njia ya kujisaidia. Hiyo ndiyo iitwayo amana, na amana ndiyo roho ya ufundi wowote ambao kosa lake humwangukia asiyelitenda.

Mchezo hauna mwenye gari. Oda huja na malipo huingia, lakini hapana mtu anayepanda lile gari akateremka nalo mteremko mrefu baada ya mvua, nyuma yake wameketi watoto wa shule. Nati za gurudumu la magari mengi madogo ya Toyota hukazwa kwa newton-mita 103, tena kwa kuruka kutoka moja hadi iliyo upande wa pili ili gurudumu likae sawa. Bolti za kichwa cha injini hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, si kwa pigo moja. Katika mchezo kanuni kama hizi, zinapokuwapo, ni masharti ya kushinda. Katika gereji ni ahadi baina ya watu wawili, ambapo mmoja hawezi kuona kama imetimizwa, na hatapata kujua ila siku ambayo haikutimizwa. Hata ule mchezo mkali wa Ufini, ambao humwadhibu mzembe kwa mauti, mauti inayomkabili mchezaji ni yake mwenyewe: aliyelegeza bolti ndiye aangukaye. Ulimwengu haukupangwa kwa uadilifu wa namna hiyo. Fundi aliyesahau kuitoa hewa katika mabomba ya breki hulala nyumbani kwake salama, na afaye ni mtu mwingine, katika kona ambayo fundi hatapita. Anayejifunza ufundi mahali ambapo kosa halimfikii yeyote, au humfikia mkosaji peke yake, hajagusa bado lile ambalo humfanya mtu aitwe fundi.

Hapa msomaji aweza kudhani nimekwisha kuuhukumu mchezo na kuipa gereji ushindi. Sivyo, maana insafu haina upande mmoja. Ikiwa amana ndiyo kipimo, basi na gereji nayo ipimwe kwayo, na tuulize mwanagenzi wetu hujifunzia wapi makosa yake. Hujifunzia katika gari la mteja. Mara ya kwanza anapokaza bolti ya aluminiamu mpaka ikakatika, bolti ile ni ya mtu. Anapokosea kupanga mpangilio wa kuwasha silinda, petroli inayopotea ni ya mtu, na siku ya kazi inayopotea ni ya dereva aliyelikodi gari hilo kwa malipo ya kila jioni. Mteja haambiwi kwamba chombo chake kimekuwa ubao wa kuandikia wa mwanafunzi. Hulipa, akaondoka, na aliyojifunza kijana yamegharimiwa na asiye na habari. Kwa namna hii mchezo, ambao tumeulaumu kwa kukosa mwenye gari, una fadhila kwa sababu ile ile ya kumkosa: kosa linalotendeka kwenye kioo halitendeki kwenye gari la mama muuza ndizi. Kijana anayeyamaliza makosa yake ya ujinga katika gereji ya kidhahania kabla ya kugusa gari la mtu, huyo, kama akijua maana ya anachokifanya, ameanza kuilinda amana kabla ya kukabidhiwa.

Kwa hiyo swali si kama mchezo ni mwema au mbaya, bali ni wapi pa kuuweka. Mimi ningeuweka mwanzoni, na ningeweka mwisho wake. Mwanafunzi aanze kwa kioo, ajue majina na mpangilio. Kisha atolewe kwenye kioo apelekwe mbele ya injini iliyokufa, iliyowekwa juu ya meza, ambayo si ya mteja yeyote na wala haitawaka tena, akaifungue na kuifunga hata mikono yake ipate tajriba ya uzito na kutu. Injini za namna hiyo zimejaa nyuma ya gereji zetu zikiota majani. Ndipo, na si kabla, aliguse gari la mtu, fundi akiwa kando, akikagua kila nati kwa mkono wake mwenyewe. Vyombo vya kuitimiza njia hii havikosekani. Kisii National Polytechnic, ambayo zamani iliitwa Gusii Institute of Technology na ambayo asili yake ni moyo wa Harambee, i mlangoni petu. Kaunti zina vyuo vyao vya ufundi. Na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda hutahini mafundi kwa daraja tatu, kuanzia ya tatu hadi ya kwanza, hata wale ambao darasa lao lilikuwa kiwanja cha jua kali. Kinachokosekana ni daraja baina ya kitanda cha kijana mwenye simu na lango la mahali hapo.

Ningependa pia vijana wetu wenye ujuzi wa kuandika programu wasingoje Poland wala Ufini. Na watutengenezee mchezo ambao gari lake ni Probox, barabara yake ni ya Gusii, duka lake la spea lina siku za kuishiwa, na bolti zake zina kutu. Watie ndani yake Kiswahili na Ekegusii na maneno ya gereji jinsi yasemwavyo. Na zaidi ya yote watie mwenye gari: mtu anayeleta malalamiko yake kwa maneno yasiyo kamili, ambaye baada ya kulipa huondoka, na ambaye mchezaji humfuata barabarani aone kazi yake ilimfikisha wapi. Mchezo kama huo hautakuwa gereji, lakini utakuwa umeuliza swali ambalo michezo iliyopo haijauliza kwa dhati.

Mpaka hapo, neno langu kwa mzazi wa Kisii na wa Nyamira ni hili. Ukimkuta mwanao au binti yako ameinamia simu akiifungua injini isiyokuwapo, usimnyang'anye, na usimsifu kupita kiasi. Mwulize akueleze anachokifanya, umsikilize mpaka mwisho, maana utajua kwa maelezo yake kama anapitisha wakati au anatafuta njia. Kama anatafuta njia, mtafutie fundi. Wala usimtafutie fundi aliye karibu tu au aliye nafuu tu, bali yule ambaye madereva humrudia, ambaye gari likirudi na kasoro hulipokea bila ya kutafuta wa kumlaumu, na ambaye kabla ya kumpa mteja ufunguo huliendesha mwenyewe mlimani akajaribu breki zake. Patana naye masharti waziwazi, ada na muda na chakula cha mchana, ili mwanao asigeuzwe mtumwa wa kuosha vipuri. Kisha mwambie mwanao, mbele ya fundi huyo, kwamba kuanzia siku hiyo kila gari atakalolishika lina mwenyewe, na kwamba atawajibika kwa kila nati aliyoikaza na kila aliyoisahau. Akilikubali neno hilo, yale aliyoyapata mchezoni yatamfaa maisha yake yote.